Maji Yaliyochujwa Mara Tatu

Musoma, Jumamosi, mwezi wa pili. Hakuna upepo. Mawingu yamesimama mbali juu ya ziwa tangu asubuhi na hayakuleta kitu. Joto ni la kuchosha. Maji ya ufukweni yana rangi ya kijani iliyokolea, na harufu yake inafika mpaka hapa barazani ninapoandika, jua likiwa bado halijazama.

Naanza na hali ya hewa kwa sababu ndivyo anavyoanza Bwana Chupa. Kila jioni huketi na kuandika upepo umetoka wapi, mawingu yakoje, maji yana rangi gani, kisha ndipo anaandika kazi ya siku. Nilipomuuliza kwa nini anajisumbua, alinijibu kwamba mtu asiyeandika ya leo, akiulizwa kesho atabuni. Nikaona ni maneno ya maana, nikanunua daftari. Tofauti ni kwamba yeye anaandika ya ziwa, na mimi naandika yanayonikaa rohoni.

Leo yamenikaa mengi, na yote mazito.

Mimi ni fundi cherehani. Cherehani yangu iko kwenye baraza la duka moja hapa Mwisenge, nashona kanzu, magauni na kaptula za watoto wa shule. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitashonea ziwa. Lakini mwaka jana alikuja huyu mzungu, mrefu, mwekundu shingoni, na kitambaa cha hariri chembamba sana mkononi, akitaka nikishone kiwe kama faneli kubwa. Mdomo uwe mpana, mkia uwe mwembamba, na mwisho wa mkia ifungwe chupa. Alitaka mshono usipitishe hata punje ya vumbi. Nilifumua na kushona tena mpaka akaridhika. Mke wangu aliponiona nacho alisema, “Leo umemshonea nani kofia?” Nikamwambia nimemshonea Bwana wa chupa, na jina likaenea mpaka sokoni.

Kile kitambaa huburutwa nyuma ya mtumbwi. Maji yanapita, ule ukijani unabaki ndani. Kazi ya Bwana Chupa ni huo ukijani. Sisi tumeuona tangu utotoni na tukauita uchafu wa ziwa, basi. Yeye anasema si uchafu, ni mimea, midogo kuliko jicho linavyoweza kuona, na ipo hai. Alinitazamisha kwenye darubini yake ya kukuzia vitu vidogo, nikaona punje ndogo ndogo za mviringo zimeshikamana ndani ya ute, nyingi mno. Joto likizidi na upepo ukikosekana, zinazaana na kupanda juu ya maji, halafu pumzi kidogo ya upepo inazisukuma zote kwenye ghuba moja. Ghuba ya pili inaweza kuwa safi kabisa siku hiyo hiyo.

Na wakati mwingine ukijani huo una sumu. Wakati mwingine hauna. Kwa macho ni ule ule, na hata kwenye darubini ni ule ule. Kwa nini leo uwe na sumu na juzi usiwe nayo, Bwana Chupa hajui, na anasema hata wakubwa zake waliosoma kuliko yeye hawajui. Sumu yenyewe bado haina jina.

Ndiyo maana ana panya.

Ni panya weupe, waliletwa kwa meli ndani ya masanduku yenye waya, na wanakaa kwenye stoo aliyopewa karibu na gati. Anaukausha ukijani juu ya sahani, anausaga, anauchanganya na maji ya mvua, anaupima kwenye sindano na kumdunga panya tumboni. Kazi yangu ni kumshika panya. Sumu ikiwemo, panya anajikunyata, manyoya yanamsimama, halafu analala ubavu. Akimpasua, ini limevimba, limejaa damu. Sijaizoea kazi hiyo. Nikirudi nyumbani mke wangu ananiwekea maji na sabuni nje, na hapana ruhusa ya kugusa mlango kabla ya kunawa.

Alijaribu pia kuuchemsha ule wenye sumu, akauacha utokote kweli kweli, akaupoza, akadunga. Panya walikufa vile vile.

Sasa niandike habari ya mama mdogo, maana ndiyo iliyonikalisha hapa.

Mama mdogo Nyanjura ni mdogo wake marehemu mama yangu. Baba alikuwa seremala kutoka Tabora. Alipofika Musoma alimwoa mama kwa Wajita, akamsilimisha. Mdogo wake akabaki kwao na kanisa lake, akaolewa na mvuvi, baba mdogo Bwire, kwenye kijiji kimoja cha rasini. Mama alipofariki, huyu ndiye aliyekuwa akinitumia samaki ningu wa kukaushwa na kuniuliza nimekula nini. Sina mama mwingine.

Baba mdogo Bwire alikufa mwaka juzi. Tumbo lilivimba, macho yakawa ya manjano, akaisha taratibu. Mama mdogo alibaki peke yake kwenye nyumba yake, na shamba lake la mihogo linaloteremka mpaka kwenye kijighuba. Binti yao wa pekee ameolewa Butiama.

Mwezi uliopita shemeji yake, Mzee Magesa, kaka wa marehemu Bwire, alikwenda Bunda na wanawe kupatana mahari ya kijana wao wa mwisho. Ng'ombe aliwaacha kwa mama mdogo. Siku ile ilikuwa kama ya leo, joto na ziwa limelala. Jioni aliwashusha kunywa maji pale kijighubani, na ukijani ulikuwa umejaa ukingoni kama uji uliomwagika. Ng'ombe wana kiu, hawachagui. Kabla giza halijaingia walianza kutetemeka na kuyumba. Asubuhi wanne walikuwa wamelala wafu, na ndio hasa waliokuwa wamechaguliwa kupelekwa kwa wakwe.

Mzee Magesa alirudi na maneno matamu ya posa, akakuta mizoga. Simlaumu sana kwa hasira yake. Namlaumu kwa alichosema baada ya hasira. Alisema mwanamke huyu alianza na mumewe, sasa amehamia kwenye zizi. Na neno likishatamkwa kijijini halina wa kulizoa.

Niliposikia, nilimwambia Bwana Chupa. Macho yalimwaka. Alitaka kwenda siku hiyo hiyo, lakini homa ilikuwa imemlaza, hawezi hata kukaa. Akaniambia nimpatie maji ya pale walipokunywa ng'ombe, upesi, kabla upepo haujabadilika. Na mimi nilikuwa na sare za shule mpaka kooni. Nikampa chupa tupu mchuuzi wa samaki aliyekuwa akielekea huko kwa baiskeli, nikamwagiza: mwambie mama mdogo ajaze maji ya pale walipokunywa ng'ombe, yanakwenda kwa Bwana.

Chupa ilirudi imezibwa vizuri, imefungwa kwa jani la mgomba. Maji yalikuwa yanang'aa. Niliyaona kwa macho yangu na sikushtuka hata kidogo. Nakumbuka nilijisifu moyoni, nikasema tazama mama mdogo alivyo nadhifu.

Bwana Chupa aliyatazama kwenye darubini, akaona punje za kuhesabika. Akasema labda upepo umeshausukuma ukijani kwingine. Akawadunga panya hivyo hivyo. Panya wakala unga wao, wakacheza, wakalala. “Katika maji haya sioni kitu,” alisema, na tarishi wa bomani alikuwa amesimama mlangoni akisubiri jibu lake. Siku chache baadaye rasi nzima ilikuwa ikisema mzungu amepima na maji ni mazima.

Kumbe hapo ndipo tulipomfunga mama mdogo kamba. Kabla ya hapo lilikuwa neno la Magesa dhidi ya neno lake, na wapo waliomwonea huruma. Baada ya hapo wazee wa ukoo walikaa, mwanangwa, mkuu wa kijiji, akiwepo, wakakubaliana kwamba kesho Jumapili, baada ya ibada, ataambiwa mbele ya watu afunge vyake amfuate binti yake Butiama. Kwa watu wa huku mama hakai kwa mkwe wake. Hali chakula mbele yake, hata njiani wakikutana anajificha uso. Kumpeleka akalale uani kwa mkwe ni kumvua nguo. Nilimwambia aje kwangu Musoma, tutabanana. Alinitumia jibu kwamba mjini hakuna pa kuchimba muhogo, na kwamba kaburi la mumewe haliwezi kupanda baiskeli.

Leo nilitoka kwa baiskeli baada ya swala ya alfajiri, nikapita Buhare watu wakiwa bado wanafungua milango. Nilikwenda kumsaidia kufunga mizigo. Sikuwa na jambo lingine la kumfanyia.

Nilimkuta anakunja mikeka. Alitabasamu kama kawaida yake, akaona shati lilivyonilowa jasho, akasema, “Karibu mwanangu. Umechoka. Ngoja nikuletee maji kwanza, mengine baadaye.” Nilimwambia asijisumbue. Tayari alikuwa ameshika kata na mtungi. Nikamfuata, maana si adabu kukaa na mama yako anabeba maji.

Aliingia kijighubani mpaka magotini. Akaupiga ukijani kwa kitako cha kata, mara kadhaa, ukafunguka kama pazia. Akausukuma huku na huku kwa mkono, akazamisha kata chini kabisa palipo safi, akateka. Alifanya hivyo polepole na kwa uangalifu, bila kutibua. Tulipofika nyumbani alitoa kitambaa cheupe, kilichokuwa shati la kanisani la marehemu baba mdogo, akakifunga kwenye mdomo wa mtungi wa pili, akamimina. Kitambaa kikageuka kijani. Akakikung'uta kwenye migomba, akakisuuza, akakikunja mara mbili, akakifunga tena, akamimina tena. Kisha akanipa kikombe kwa mikono miwili, amepiga goti kidogo, kana kwamba mimi ni mkubwa kwake.

Nikanywa chote. Yalikuwa matamu, ya baridi.

Nilipokuwa nikimrudishia kikombe, jicho likaanguka kwenye kile kitambaa kilichoanikwa.

“Mama mdogo, yale maji ya Bwana uliyatekaje?”

“Kama haya.”

“Uliyachuja?”

Aliniangalia kama nimemuuliza kama huwa anavaa nguo akienda kanisani. “Sasa mwanangu, nimpelekee mtu maji ya uchafu? Ya kunywa mwenyewe nachujaga mara moja. Ya mgeni mara mbili. Yale yalikuwa ya kwenda serikalini, nilichuja mara tatu.”

Mara tatu.

Ningemlaumu kwa lipi? Hakuna mtoto aliyelelewa na mama kwenye ufuko huu ambaye angefanya vingine. Ukiombwa maji, unatoa yaliyo safi kuliko yote uliyonayo. Hata mimi, niliyeshona kile kitambaa cha hariri, niliyeambiwa kwamba kinachotafutwa ni ule ukijani, niliagiza “maji” na nikapokea maji safi nikafurahi. Mama mdogo alichukua kitu pekee kilichoweza kumtetea, akakikung'uta kwenye migomba, kwa sababu alitaka kumheshimu mgeni.

Nilimweleza. Nilimweleza habari za punje, na hariri, na panya. Alielewa upesi kuliko nilivyoelewa mimi. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa na furaha. Niliirukia baiskeli nikatoa chupa tupu kwenye mfuko, nikamwambia bado hatujachelewa, Bwana Chupa anaondoka na meli ya Jumatatu, tujaze yale ya juu kabisa, mazito. Yanaweza yasiwe na sumu leo, lakini yakiwa nayo, panya wakifa, hakuna wa kukutoa hapa.

Hakushika chupa. Alikaa juu ya mkeka aliokuwa amekwisha kuukunja.

“Wakifa, maana yake maji yana sumu.”

“Ndiyo, mama.”

“Haya haya tunayokunywaga.”

“Haya haya.”

“Na kuchuja hakuitoi.”

Nilimweleza jinsi Bwana Chupa anavyoogopa, kwamba kitambaa kinazuia ukijani, lakini ukijani ukishaanza kufa unaiachia sumu yake majini, na hapo haina wa kuizuia. Moto pia hauitoi. Nilimwambia kwamba ya ng'ombe na panya anayajua, lakini kwa binadamu hajui.

“Hajui, au hajafika huko?” aliuliza.

Niliishusha chupa chini.

Kisha akasema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, “Bwire alikuwaga na kiu sana akitoka ziwani. Hakutakaga apewe maji na mtu mwingine, mpaka mimi. Alipoanza kuumwa, dispensari walisema anywe maji mengi. Nikamwongezea. Usiku na mchana nilimwongezea.”

Sikuwa nimefikiri mpaka huko. Nilikuwa nimefikiria ng'ombe tu.

“Mwanangu, wakiniita mchawi, najua ni waongo. Nikienda Butiama nitalala, roho yangu inajua sikumfanyia mtu kitu. Sasa wewe unataka nibaki hapa, halafu nijue nini? Nibaki na nyumba, halafu kila nikishika kata nimwone Bwire?” Akaivuta ile mikeka karibu. “Rudisha chupa yako mfukoni.”

Nilijaribu kusema. Nilisema maradhi ya tumbo ni mengi, nilisema huenda haihusiani kabisa, kwamba watu wengi hunywa na hawafi, kwamba hata mimi nimekunywa. Maneno yalikuwa yanatoka na mimi mwenyewe siyaamini. Alinisikiliza kwa upole, kama unavyomsikiliza mtoto anayekuahidi atakununulia gari akikua. Kisha akaniambia nifunge kile kitanda cha kamba kwanza.

Tulifunga mizigo. Hatukuzungumza habari ile tena. Adhuhuri ilipofika niliswali kwenye kivuli cha ghala lake la mihogo, na sikumbuki nilichosoma.

Nilipoaga, chupa niliiacha juu ya jiwe la mlangoni. Nimejiuliza njia nzima kama nilisahau au nilifanya kusudi, na bado sijui.

Njia ya kutokea kijijini ina mchanga, baiskeli haipandiki, unaikokota. Nilikuwa nikiikokota na kumkasirikia kila mtu. Nilimkasirikia Magesa. Nilimkasirikia Bwana Chupa aliyekuja kutoka kwao kutuonyesha vitu ambavyo babu zetu waliishi na kufa bila kuviona. Nilijikasirikia mimi kwa kukimbilia chupa kama mtoto, bila kumwangalia usoni.

Ndipo nikasikia ananiita. “Ramadhani.”

Alikuwa anakuja kwa haraka, gauni limelowa mpaka kiunoni, na chupa mkononi. Ilikuwa imejaa kijani kizito, haina jani, haina kitambaa, ute unatiririka ubavuni na kumshuka mpaka kwenye kiwiko. Alipofika alisimama kidogo apate pumzi.

“Wajukuu wa Magesa wameshuka kuteka,” alisema. “Yule mdogo hakungoja hata kata. Ameinama, amekunywa kwa mikono, pale pale walipokunywa ng'ombe.”

Hakusema alivyomfanya mtoto. Baadaye, nilipotazama nyuma, nilimwona kwa mbali amesimama ukingoni katikati ya watoto na maji, akiwaelekeza kwa mkono waende kuteka upande wa pili wa mwamba, na wao wakimkwepa kwa sababu nyumbani wamekatazwa kumsogelea.

Alininyooshea chupa kwa mkono mmoja, uso ameugeuzia pembeni. Tangu nizaliwe hajawahi kunipa kitu kwa mkono mmoja.

“Sikuchuja,” alisema. “Unisamehe.”

Nikaipokea kwa mikono miwili.

“Wakifa, usinitumie mtu. Uje mwenyewe uniambie.”

Nikamwambia nitakuja.

Njia nzima nilisikia chupa ikigonga kwenye mfuko wa baiskeli. Njia nzima nilikuwa pia nalisikiliza tumbo langu, na bado nalisikiliza. Halina kitu. Nadhani halina kitu.

Bwana Chupa nilimkuta stooni anafunga masanduku yake. Aliinua chupa kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza, akasema, “Vizuri sana, Ramadhani. Vizuri sana.” Si mtu mbaya. Alikuwa na furaha ile ile ninayokuwa nayo mimi nikiletewa kitambaa kizuri. Hata hivyo nilishindwa kumtazama. Nikamweleza habari ya kuchuja, mara moja na mara mbili na mara tatu. Nikamweleza na lile neno lake la stooni lilivyosafiri. Aliketi juu ya sanduku la panya, akavua kofia, akaishika magotini. Alisema alipaswa kwenda mwenyewe, hata kwa kubebwa. Halafu akauliza jina la mama mdogo, akalirudia polepole mpaka akaweza kulitamka.

Nilimuuliza: wakifa, watu wa kule watakunywa nini? Akasema visima, vichimbwe mbali na ufuko. Nikamuuliza nani atavichimba. Akaanza kuandaa sahani ya kukaushia.

Ameiweka karibu na jiko la makaa ili ikauke upesi. Kesho kukipambazuka nitamshikia panya. Anasema kama sumu ipo na ni kali, tutajua kabla watu hawajatoka kanisani, na yeye mwenyewe ataupanda mtumbwi wa serikali aende akasimame mbele ya wazee. Nikamwambia aende kwa wazee, hao ni wake. Kwa mama mdogo nakwenda mimi.

Adhana ya magharibi iko karibu. Nitasimama kwenye mswala, na kwa mara ya kwanza sijui nitaomba nini. Panya wakifa, anabaki nyumbani kwake, na atajua alichokuwa akimpa mumewe kwa mikono miwili. Panya wakipona, atalala uani kwa mkwe wake Butiama na roho nyeupe, na wajukuu wa Magesa wataendelea kuinama pale pale. Nimejaribu kuipanga dua hii kila namna, na kila namna kuna mtu anaumia.

Nitaomba wafe. Nimeliandika hapa ili kesho nisijifanye sikuliomba.

Nilipoandika hapo mke wangu alitoka na kikombe cha maji, akanipa kwa mikono miwili, akasema ameyachuja mara mbili kwa sababu natoka safari. Nimemshukuru. Kikombe kiko hapa kando ya daftari, maji yake yanang'aa mpaka chini. Kiu ninayo. Bado sijayagusa, na mke wangu amesimama mlangoni ananitazama, anasubiri kikombe chake.